Siku Kumi na Nne kwa Mikate ya Jumapili

Glyn Ottway aliongezewa siku kumi na nne gerezani kwa kukataa kutoka jikoni mikate ikiwa bado ndani ya tanuri. Kukataa alikataa. Asichoelewa mpaka leo ni alipokosea.

Saa kumi na moja alfajiri Ottway, 46, yuko kwenye kiwanda cha samaki mjini Grimsby, Uingereza, anapanga minofu kwenye masanduku ya barafu. Vidole vimekufa ganzi.

"Mimi mwokaji," anasema. "Samaki hata kula sipendi."

Uokaji alifundishwa gerezani na mkuu wa jiko, Hebden. Amri ya kwanza ya Hebden ilikuwa: tanuri likiwaka, huondoki. Ottway akaiva katika kazi, mpaka duka moja la mikate likamwahidi ajira Jumatatu baada ya kuachiwa.

Wiki tatu kabla ya kuachiwa, Jumapili ambayo Hebden alikuwa mapumzikoni, wafungwa waliitwa kuhesabiwa mapema. Askari akasimama mlangoni.

"Ottway, chumbani."

"Dakika kumi, bosi. Mikate iko ndani."

"Nimekuuliza habari za mikate?"

"Nizime basi?"

"Usiguse kitu. Toka."

"Bosi Hebden alisema nisiondoke."

"Hebden yuko kwake anakata majani. Toka, bwana mikate."

Hakutoka. Hesabu haikutimia, gereza zima likafungiwa, na wenzake wakakosa kuwapigia simu watoto wao. Jioni walimzomea.

Kesi ilisikilizwa na hakimu kutoka nje ya gereza, mtu mpole.

"Bwana Ottway, unakiri kosa?"

"Lipi, mheshimiwa? La kubaki, au lile ambalo ningefanya kama ningetoka?"

"La kubaki."

"Basi nilibaki."

Ikaandikwa kwamba amekiri.

Hebden hakuitwa. Aliporudi kazini alimshika bega. "Ulifanya sawa kabisa, kijana wangu. Ila ungetoka tu."

"Sasa hapo nielezee wewe," Ottway anasema, huku akifunga sanduku. "Sawa, halafu ningetoka. Nimelifikiria kila upande, silipati."

Anadunduliza anunue tanuri dogo la mtumba, auze mikate sokoni Jumamosi.

Duka la mikate lilimsubiri siku mbili, likaajiri mwingine. Ndani ya siku zile kumi na nne mama yake alitimiza miaka themanini. Alikuwa ameshamwekea mwanawe kiti.