Shavu la Kulia

Mtu akivaa miwani yake ya kwanza, kitu anachoanza kukiona sawasawa hapa duniani ni uso wa aliyemvisha. Kwa miaka kumi na moja uso huo ulikuwa wa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miwani. Alikaa mbele ya mteja, goti kwa goti, akapima umbali wa mboni kwa rula ndogo, akapasha moto mikono ya fremu na kuikunja kidogo nyuma ya sikio, kisha akauliza, "Inabana? Inateleza?" Wateja walitabasamu. Wazee wengine walirudi kukaziwa skrubu ambazo hazikulegea.

Kisha ngozi ikamgeuka. Ilianza na muwasho kwenye shavu la kulia, vikafuata vipele, halafu magamba. Ikapanda hadi kwenye kope, ikashuka hadi shingoni. Asubuhi nyingine jicho lilikuwa limevimba hata akawa anaitazama dunia kwa kitundu. Daktari wa zahanati alisema ni pumu ya ngozi, haiambukizi, akampa krimu na kumwambia atafute kinachoichokoza. Maneno mepesi hayo. Atafute! Kana kwamba kitu chenyewe kimedondoka chini ya kochi.

Dukani mambo yakaharibika haraka. Mama mmoja alivaa miwani yake mpya, akamkodolea macho, akaivua.

"Bora nilivyokuwa sioni," akasema, na waliokuwa kwenye benchi wakacheka mpaka wakapigana makofi mgongoni.

Watoto wa mtaani walimpa jina la Ramani. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba huo ni mkorogo. "Alitaka weupe, kaupata kwa mabaka." Mama Miwani hakuwahi kupaka mkorogo hata siku moja, lakini utamwambia nani? Mwanamke akiharibika uso, watu huwa wameshamhukumu kabla hajafungua mdomo.

Mwenye duka alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio ulioumiza zaidi. Alikuwa anafungua tawi la pili, na tangu mwaka uliotangulia alishamwahidi Mama Miwani kuwa atalisimamia yeye. Akamwita pembeni.

"Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini hapa tunauza macho, na macho ya watu yanakutazama wewe. Nakupa miezi mitatu. Uso ukitulia, tawi lako. Usipotulia, nitatafuta mwingine."

Miezi mitatu. Mama Miwani akanunua daftari, akaanza kuupeleleza mwili wake kama polisi anayemtafuta mwizi wa kuku. Aliandika alichokula, alichopaka, alichofulia, alipokaa. Aliacha mayai. Aliacha maziwa, samaki, karanga. Alibadilisha sabuni mara nne. Alitupa mto wa manyoya, akatupa manukato, akahamishia simu sikio la kushoto. Uso ukawa unapoa kidogo katikati ya wiki, ukifika Jumapili unawaka tena, naye akawalaumu samaki, aliokuwa ameshaacha kuwala, eti labda sumu yao bado imo mwilini.

Alikuwa na paka wa miaka saba. Akampeleka kwa jirani, nyumba ya tatu. Paka akarudi, akakwaruza mlango usiofunguliwa. Siku ya nne alipokuwa anarudi tena, pikipiki ikampitia. Jioni ile Mama Miwani aliandika kwenye daftari: "Paka hayupo. Uso vilevile."

Katika upelelezi huu wote mumewe alikuwa naye bega kwa bega. Watu walimwita Kipaza, kwa sababu alikuwa mshereheshaji wa harusi na kipaza sauti hakikumtoka mkononi. Alimzidi mkewe miaka kumi na minne, ila alipenda kuambiwa kwamba hafanani na umri wake. Ndiye aliyeshika tochi wakati wanatafuta ukungu nyuma ya kabati. "Tutaipata tu, mke wangu," alimwambia, na kumbusu hapohapo kwenye shavu bovu. Na Jumamosi moja, ukumbini, mbele ya watu mia tatu, alimwambia bwana harusi: "Mtazame vizuri leo! Mimi wangu nilimwoa hariri, sasa hivi nalala na msasa!" Ukumbi ukalipuka. Mama Miwani alikuwa meza ya nyuma. Alicheka pamoja nao, maana usipocheka wanajua wamekuumiza.

Mwezi wa pili mama yake mzazi akaanguka na kuumia mguu. Akaomba likizo, akaenda kumuuguza siku kumi. Siku ya nne muwasho ukakata. Siku ya nane magamba yakawa yamepukutika yote, na mama yake akamshika kidevu akasema, "Mwanangu, kumbe uso wako ulikuwapo." Mama Miwani alilia kwa furaha, kilio cha sauti kabisa, mpaka mgonjwa ndiye akawa anambembeleza muuguzaji.

Alirudi na jibu: ni duka. Vumbi la vioo vinavyokatwa, plastiki za fremu, au dawa ya kusafishia, kimojawapo tu. Kila mtu aliafiki, na Kipaza alitangulia wote.

"Mimi nilijua tangu zamani," alisema. "Liache duka hilo kabla halijakula jicho."

Hakuna aliyemkumbusha Mama Miwani kwamba alipokwenda kwa mama yake hakuwa ameliacha duka tu. Akaandika barua ya kuacha kazi, akalia juu yake, akaiandika upya kwenye karatasi kavu. Mwenye duka aliipokea asubuhi, na kabla ya saa sita mchana tawi la pili lilikuwa na msimamizi mwingine.

Akakaa nyumbani. Wiki ya tatu uso ulimlipuka kuliko siku zote.

Ndipo akauza cherehani yake na kwenda kwa bingwa wa ngozi, mwanamke wa maneno machache. Bingwa akampanga vibandiko mgongoni, safu kwa safu, kila kimoja na kemikali yake, akamkataza kulowesha mgongo. Baada ya siku mbili akavibandua, na siku mbili nyingine zilipopita akamwita amtazame tena. Mgongo wote ulikuwa kimya isipokuwa sehemu moja, iliyoumuka na kutoa maji.

"Unatia piko, ile rangi nyeusi, kwenye nywele?" bingwa aliuliza.

"Sijawahi, daktari."

"Una mume? Ndevu zake zikoje?"

"Nyeusi."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na tatu."

Bingwa akaweka kalamu chini. "Mkilala, unamwekea shavu lipi?"

Mkono wa Mama Miwani ulikuwa umeshapanda wenyewe kwenye shavu la kulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu," alisema bingwa, akamwandikia karatasi.

Nyumbani hakuhitaji tochi. Alifungua sanduku la vyombo vya kazi vya mumewe, ambalo kwa miaka yote ya ndoa aliambiwa asiliguse kwa sababu ya umeme. Chini ya nyaya kulikuwa na pakiti za piko, brashi ndogo, na karatasi ya maelezo iliyokunjwakunjwa. Onyo la kuwasha ngozi lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu. Kumbe kila Ijumaa Kipaza alikuwa anajitengeneza kwa ajili ya harusi ya kesho.

Alipoingia alimkuta mkewe ameketi na karatasi ile mapajani. Alicheka kwanza, akaona hachekewi.

"Mstari huu umepiga wewe?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwaka jana. Nilihisi tu, sikuwa na uhakika."

"Ukaniacha nimtoe paka. Ukaniambia niache kazi."

Kipaza akakaa, akashusha pumzi kama mtu aliyeonewa. "Sasa ulitaka nifanye nini? Nani atamwita mshereheshaji mwenye mvi? Uso wako mimi nimeshauzoea, mke wangu. Wangu ndio unaotazamwa na watu."

Mama Miwani alihamia chumba cha pili, na shuka zake na mto wake. Baada ya wiki tano hakuwa na hata gamba moja. Alivaa gauni zuri akaenda dukani. Mwenye duka alifurahi kwa dhati, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

"Ungevumilia kidogo tu, mwanangu! Sasa nafasi zote zina watu. Lakini siku ukihitaji miwani, wewe nakupunguzia."

Kipaza naye aliuona uso ule. Akaanza kubisha hodi kwenye chumba cha pili, asubuhi kwa chai, jioni kwa matunda. Aliapa kwamba ameacha. Weusi uliobaki ni wa zamani, utatoka wenyewe. Mama Miwani hakuwa na kazi, hakuwa na akiba, na mama yake alikuwa analala sebuleni kwa mtoto wake wa kiume. Na tusimdanganye msomaji, alikuwa bado anampenda. Jumamosi, Kipaza aliporudi kutoka harusini, alimkuta mkewe kwenye kitanda chao.

Jumapili jicho la kulia halikufunguka. Alikwenda akajishika kwenye mlango wa bafu, ambamo mumewe alikuwa anajitazama kwenye kioo, na kwa jicho lililobaki aliona weusi mbichi kwenye ukucha wa dole gumba la mumewe.

"Pole, mke wangu," Kipaza alisema, akauficha mkono kwenye taulo. "Unaona sasa? Hata madaktari wanakosea. Endelea tu kutafuta."