Mpagazi Aliyelipa Ili Achoke

Aikaeli wa Mwika alikuwa amebeba mizigo ya watu Kilimanjaro kwa miaka kumi na mbili, na kileleni hakuwahi kufika hata siku moja. Usimshangae. Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita wenyewe, hawapandi mlima, wanapandisha vitu. Wanapandisha mahema, majiko, trei za mayai, meza za kulia, hata choo cha kukalia cha mgeni asiyejua kuchuchumaa. Wakifika kambi ya Barafu wanasimamisha mahema na kubandika chai. Wageni wakiondoka na viongozi wao kwenda kileleni, wagumu wanabaki kulinda masufuria. Wageni wakirudi, wagumu wanafunga kila kitu na kuteremka nacho mpaka lango la Mweka. Aikaeli alikuwa amelala Barafu karibu mara mia, na mara zote mia kilele alikiona kwa macho tu, kama mpishi wa harusi anayepakulia watu pilau huku yeye ana njaa.

Alhamisi moja ya Septemba, Shivani, mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni pale Moshi mjini, alimwita ofisini.

"Aika, mwezi ujao nina wanawake saba, na wanataka kiongozi msaidizi awe mwanamke. Kozi umesoma, cheti unacho. Nataka nikuandike wewe," alisema. Kisha akamtazama vizuri. "Ila niambie ukweli. Siku ya kileleni utakuwa nao wewe. Utaweza kuwafikisha juu?"

Ndiyo ni neno jepesi, na wapo waliolisema wakiwa na sababu chache kuliko Aikaeli. Lakini huyu mama alikuwa na ugonjwa wa kutoweza kuuza kitu ambacho hajakionja. Cheti kilimwambia kwamba anajua majina ya maua na dalili za ugonjwa wa mwinuko. Hakikumwambia miguu yake itafanya nini ardhi ikisimama wima na hewa ikiwa haba.

"Nipe mpaka Jumatatu, dada Shivani," alisema.

Kilimanjaro haipandwi kwa siku tatu, na tozo za hifadhi si za mtu wa mshahara wa mgongo. Lakini kule mbele ya Mto wa Mbu upo Oldoinyo Lengai, mlima ambao mpaka leo unafuka moshi na kutema moto. Unapandwa na kushukwa kwa siku moja, basi la Loliondo linakushusha karibu na miguu yake, na kijiji chenyewe kinakupa mtu wa kukuongoza. Aikaeli alikuwa amewasikia viongozi wakisema mteremko wake wa mwisho unamfanya mtu akumbuke dhambi zake zote. Akaamua palepale. Akifika atajijua, na asipofika atajijua vilevile.

Kaka yake Wilson, kiongozi wa miaka mingi, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yaani wewe, dada, ulipe ili uchoke?"

Nyumba nzima ilimwelewa Wilson. Kwa watu wa Mwika mlima ni kazi. Kupanda bila kulipwa ni ujinga, na kupanda kwa kulipa ni mambo ya Wazungu. Mama yao, Eliaichi, hakucheka kabisa.

"Mlima wenyewe unatema moto," alisema. "Na kahawa imeiva. Na Jumapili ibadani utakuwa wapi?"

"Kwenye basi, mama, narudi. Kahawa nitaichuma Jumanne."

"Na ukifa?"

"Nikifa ataichuma Wilson."

Mama aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kopo la kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa, akalitia kwenye begi la binti yake. Wenye mama kama huyo wanajua kwamba ruhusa ilikuwa imetolewa. Wilson aliacha kucheka na kwenda kumletea tochi yake nzuri.

Ijumaa alasiri Aikaeli alishuka Engaresero, kijiji cha chini ya mlima, vumbi mpaka kwenye kope, begi moja mgongoni. Aliyepangiwa kumwongoza alikuwa Lemburis, Mmasai mwembamba wa makamo, makubazi ya tairi miguuni. Alitazama nyuma ya Aikaeli, kulia na kushoto.

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Mgeni ni mimi."

Lemburis alifikiri kidogo. "Haya," alisema, na hakuuliza tena.

Waliondoka saa nane usiku, kwa sababu jua la kule halina huruma na mlima hauna mti wa kujificha. Na hapo ndipo Aikaeli alipofanya kosa ambalo mgeni wa kawaida asingelifanya hata angetaka.

Mgumu huondoka kambini nyuma ya wageni na kufika kambi inayofuata mbele yao. Huo ndio ufundi wake. Mgeni akifika akakuta hema halijasimama, hiyo ni aibu ya msimu mzima. Kwa hiyo miguu ya Aikaeli ilijua mwendo mmoja tu, nao ni wa kuwahi, tena ilikuwa imeujifunza chini ya kilo ishirini. Sasa ilikuwa na begi la chupa za maji na kopo la ndizi. Iliruka. Saa moja haijaisha alikuwa amempita Lemburis, akamsikia akiita kutoka gizani, "Mama, polepole!" Akacheka kimoyomoyo. Masikini, amechoka. Sisi wa Kilimanjaro ni watu wengine.

Majivuno yale yalimpeleka mpaka katikati ya mlima. Kisha mlima ukasimama wima. Njia ikawa jivu na changarawe, hatua mbili mbele na moja kurudi nyuma, na penye mwamba kulikuwa kukali kiasi cha kutambaa kwa mikono. Aikaeli aliongeza mwendo, kwa kuwa hakuwa na dawa nyingine. Kufika saa kumi na moja maji yalikuwa karibu kuisha. Kiburu cha mama yake akakitapika chote. Alikaa chini kwenye jivu. Aliona wazi jinsi Jumatatu atakavyosimama mbele ya Shivani na kusema hapana, atafutwe mtu mwingine. Alilia kwa hasira, maana alijua nguvu anazo na hakuelewa zimekwenda wapi.

Lemburis alitokea kwa mwendo uleule alioondoka nao kijijini. Hakuwa anahema. Alimpa maji yake, akangoja anywe.

"Unakimbilia nini?" aliuliza.

"Hema," alijibu Aikaeli, hata kabla hajafikiri.

"Hema gani?"

"La wageni. Lazima nifike kabla yao."

Lemburis aligeuka akatazama mteremko chini yao. Hakukuwa na taa wala mtu.

"Nyuma yako nilikuwepo mimi tu," alisema. "Na mimi sihitaji hema. Polepole, mama."

Neno hilo Aikaeli alikuwa amelisikia kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mbili. Viongozi waliwaambia wageni asubuhi na jioni, wageni wakaambiana wao kwa wao kwa lafudhi za dunia nzima, na mjini linauzwa kwenye fulana. Mpaka usiku huo hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Mgumu anaambiwa wahi. Uchungu ulimjia, si wa Jumatatu tena bali wa miaka yote ile, na akaulia wote palepale bila haya. Alipomaliza alipangusa uso kwa kanga, akasimama.

"Tangulia wewe," alisema.

Alimfuata nyuma, unyayo wake ukiingia palipotoka unyayo wa Lemburis. Mwanzoni ilikuwa adhabu. Kila msuli ulitaka kumpita. Aliuzuia, akahesabu pumzi, akaweka mguu, akahesabu tena. Magoti yalimuuma, lakini yalimbeba. Palipokuwa pakali mno alitumia mikono. Mara mbili Lemburis aliuliza kama warudi, na mara zote mbili alijibu kwa kuweka mguu mbele.

Walifika ukingoni jua limeshatoka. Harufu ilikuwa kama mtu amewasha kiberiti kizima kwa mpigo, na chini ndani ya shimo kitu cheusi kilikuwa kikitokota na kurusha matone. Mikono ya Aikaeli ilianza yenyewe kutafuta kazi. Ilifungua begi, ikasogeza mawe, ikatafuta pa kuweka jiko ambalo halikuwepo.

"Kaa," alisema Lemburis.

Akakaa. Furaha ilimjia taratibu, ikamjaa. Mashariki, mbali sana, Kilimanjaro ilionekana juu ya mawingu, ndogo. Saa hiyo pale Barafu Violet na Magreth, wagumu wenzake, walikuwa wakilinda masufuria ya watu walioko kileleni. Aliutazama mlima wao kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama shimo la moto.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Shivani akichechemea, pua imebabuka kwa jua.

"Enhe," alisema Shivani. "Utaweza kuwafikisha?"

"Nitawafikisha. Ila siku ya kileleni nataka Violet na Magreth wapande nasi mpaka juu."

"Wabebe nini?"

"Wasibebe kitu."

Shivani aliweka kalamu mezani. "Sasa Aika, kama hawabebi kitu, wanapanda kufanya nini?"

"Kufika," alisema Aikaeli.