Maman Nabintu Alipozungumza na Daktari

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo naisimulia kana kwamba ni ya jana. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kazi hii ya mwanasaikolojia hapa Brussels. Niliishi mtaa wa Etterbeek na Désiré, kijana wa kiume wa Bukavu, Kongo, kama mimi. Kwao walijua sisi ni marafiki tuliopanga pamoja. Tulikuwa wapenzi, na hilo hatukumwambia mtu.

Désiré akaugua moyo ghafla, akapasuliwa hospitalini, upande wa Woluwe. Mchana nilisikiliza shida za watu ofisini, jioni nikaketi kando yake. Chakula nilikisahau. Usingizi ndio usiseme. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba mficha mapenzi huumbuliwa na mwili wake mwenyewe.

Mama yake, Maman Nabintu, akapata visa. Kabla hajafika nilihamishia nguo zangu kwa rafiki, maana chumba cha kulala kilikuwa kimoja, nikatoa picha zetu ukutani. Alikuwa shemasi kanisani kwake. Niliamini akigundua, atanifukuza kando ya kitanda cha Désiré.

Asubuhi iliyofuata kufika kwake, daktari akaingia, akauliza azungumze na nani kuhusu mgonjwa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, niwapishe. Maman Nabintu akanishika mkono.

"Zungumza na huyu," alimwambia kwa Kifaransa. "Ndiye mwenzake. Wanaishi pamoja."

Nilihisi sakafu imeondoka. Désiré alifumba macho kama mtoto anayengoja kofi. Kofi halikuja.

Daktari alipotoka, nikauliza kwa sauti isiyo yangu, "Maman, nani alikuambia?"

"Ni yeye mwenyewe. Miaka yote kwa simu: tulikula, tulilala, tuko muzuri. Muntu anaishi na rafiki tu hasemake vile." Akanitazama toka juu hadi chini. "Bon. Na wewe, ulikula lini?"

Mimi niliyewahimiza wengine wajitunze nikalia mbele ya mama mkwe.

"Huyu ako na maman wake hapa," akasema akimwonyesha Désiré. "Wewe, nani anakuangalia? Unataka nizike watoto wawili?"

Akanirudisha nyumbani, akapika sombe, kisamvu cha kwetu, akanisimamia mpaka sahani ikaisha. Usidhani alifurahi. Aliniambia wazi kwamba bado anabishana na Mungu juu yetu. Lakini alibishana huku akinipakulia. Désiré alipona, na leo mvi zake zimezidi zangu.

Mwanangu, vijana wanaopenda wanaume wenzao huja kwangu wakiwa kama nilivyokuwa: wamembeba mpenzi, wameibeba familia, wameibeba siri, na miguu haiwezi tena. Sikwambii utangaze. Kuna nyumba ambamo neno hilo litakutoa nje na mabegi yako, na usalama wako ndio wa kwanza. Ila usiache penzi lako lijulikane na wawili tu, maana siku mmoja akilala kitandani, wa pili hana wa kumlilia. Tafuta hata mtu mmoja, rafiki, dada, shangazi. Akikuuliza hali yako, umjibu ukweli. Na mwili wako uupe haki yake. Kumpenda mtu si kujimaliza.

Haya. Mungu akukinge na baridi ya mji huu, akupe usingizi mzito, na mlango mmoja utakaoupigia hodi bila hofu.