Kokoto za Mheshimiwa

Iko siku moja, mwanangu Salim, kila nikidhani nimeisahau hurudi yenyewe ikaketi mbele yangu. Jana ilirudi. Nilikuwa mlangoni pa duka langu hapa Kensington, huku kusini mwa bara letu, napanga vifurushi vya dagaa, nikaliona lundo la kokoto limemwagwa kwenye kona ya robot, hizi taa za barabarani, pale lami ilipobomoka. Mara ukaja wewe, mjukuu wangu, umevaa fulana mpya yenye picha ya mtu anayecheka, ukaniambia, "Eish, Bibi, umeona? Mgombea wetu hata udiwani hajaupata, na kazi ashaanza. Huyu ni sharp."

Nikaendelea kupanga vifurushi vyangu. Najua wajukuu mnaniita Bibi Shaka nikigeuka, na sikasiriki, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini ukaendelea. Ukasema mgombea amekuomba wewe, mzaliwa wa hapa, unayejua Kizulu chao na Kiswahili chetu, uwalete kituoni Waswahili wote wa mtaa wenye vitambulisho vya kupigia kura, Watanzania kwa Wakongo kwa Warundi. Ukasema ameahidi akishinda, maduka ya wageni hayataguswa. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli, na usiku sikulala vizuri.

Keti basi. Chai ipo, na vitumbua vya asubuhi havijaisha.

Unajua kuwa kabla ya kuja huku na babu yako, Mungu amrehemu, nilikuwa nesi Kanada. Nyinyi mkisikia Kanada mnaona maghorofa. Mimi, msichana wa Tanga niliyekuwa nikiona baridi ya Lushoto ni adhabu, nilipelekwa kaskazini kabisa, kwenye kijiji cha wenyeji wa asili wa nchi ile. Zahanati moja, shule moja, duka moja, basi. Jimbo lao la uchaguzi lilikuwa kubwa hata mgombea aliruka na ndege ndogo kutwa nzima asiwamalize wapiga kura wake, na wenyewe walikuwa wachache tu, hapa kijiji, kule kijiji, katikati misitu na maziwa.

Barabara hawakuwa nayo. Baridi ikikaza, maziwa huganda, na malori hupita juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, kijiji kinakuwa kisiwa, na mgonjwa akizidiwa hana njia ila ndege. Siku ya ukungu ndege haitui. Nimekaa na wagonjwa nimewashika mkono, nasikiliza mlio angani, na mlio hauji. Wako niliowapoteza hivyo, na mpaka leo nikiona ukungu huwaombea.

Kwa hiyo mtu akitaka ubunge wa jimbo lile, hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Alisema neno moja tu: barabara. Wazee walinihesabia wabunge wao kama tunavyohesabu wajomba. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa ngozi za wanyama, akaahidi barabara. Akaja wakili wa mjini, akafika mara moja, akaumwa na mbu wa kule, ambao si mbu wa mchezo, akaahidi barabara akaondoka. Kisha akaja huyu niliyemkuta mimi, anashinda uchaguzi hadi uchaguzi, mcheshi, anajua majina ya watoto wa watu.

Na kila uchaguzi ulipokaribia, lori lilikuja juu ya barafu likamwaga lundo la kokoto mwisho wa kijiji. Kokoto za barabara, waliambiwa. Yalikuwepo malundo kadhaa pale, yamepangana, na watu wameyapa majina. Lile la Wakili. Lile la Mcheshi, la kwanza na la pili. Kubwa kuliko yote, lililokwisha kuota vichaka, ambalo watoto waliteleza juu yake theluji ikianguka, waliliita Kilima cha Marta.

Bibi Marta alikuwa mzee wa kijiji na mgonjwa wangu wa magoti. Ndiye aliyenifundisha kushona viatu vya ngozi, akinicheka nikijichoma sindano. Lundo lile lilikuwa nyuma ya nyumba yake, ya mwisho kijijini, nami nikadhani wamelipa jina lake kwa heshima, kama sisi tunavyoita mtaa kwa jina la mzee wa kwanza kujenga.

Uchaguzi ulinikuta nimeshapata uraia. Safari hiyo binti mmoja, mwalimu wa shule ya kijiji, alijitokeza kushindana na Mcheshi. Nilimpenda yule binti. Alisema wazi hana hela ya kokoto, ila atawasumbua wakubwa kila siku mpaka barabara ichorwe. Akaniomba niwe wakala wake, nikae kituoni nilinde kura. Nikakubali kwa furaha, maana kushuku nilikujua tangu utoto.

Siku yenyewe nikafika ukumbi wa shule mapema. Cha kwanza kuona ni penseli. Watu wanapewa penseli wakapigie kura! Nikatafuta wino wa kidole, hakuna. Kwetu mtu akipiga kura hutoka na kidole cheusi, na hapa kwenu hupakwa alama kwenye ukucha. Kule mtu anaingia na mikono safi, anatoka na mikono safi. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Jamani, penseli inafutika! Na huyu aliyetoka atazuiwa na nini asirudi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wote. Msimamizi, mama mpole mwenye miwani, akanieleza kwamba ndiyo desturi yao, na kwamba kituo kizima hakuna mtu asiyemjua mwenzake, arudi kwa sura gani? Nikakaa. Lakini nilikaa na macho yangu juu ya sanduku. Sikula, sikunywa, haja ikinibana nikavumilia.

Kituo kikafungwa jua likingali juu, maana kule majira hayo jua halina haraka ya kuzama. Sanduku likafunguliwa mbele yetu, karatasi moja moja ikainuliwa, ikaonyeshwa, ikasomwa. Mwanangu, nilitafuta wizi nikaukosa. Kila alama ilikuwa halali. Na Mcheshi akamshinda mwalimu pale pale kijijini kwake, na usiku wake redio ikasema ameshinda jimbo zima.

Niliwaka. Kesho yake nikamfuata Bibi Marta kwake, nikamwambia, "Wameiba, Bibi. Sijui wapi, lakini wameiba."

Akachukua fimbo, akanipeleka taratibu nyuma ya nyumba mpaka kwenye malundo, pale lilipokuwa lile jipya kabisa, lililoletwa mwisho wa baridi.

"Hili umeliona lilipokuja?" akaniuliza.

"Nililiona."

"Na mtambo wa kuzitandaza umeuona? Wa kushindilia?"

Nikasema sijauona.

"Barafu imeshayeyuka. Sasa mtambo utapita wapi? Kokoto zilikuja wakati njia ipo, mtambo ukangoja mpaka njia haipo. Wewe jana ulikodolea macho penseli kutwa nzima, nesi wangu, na kura zilichukuliwa hapa, mchana kweupe, kwa lori, na watu wakapunga mikono."

Nikaona aibu, na hasira zangu zikawa hazina pa kwenda. Nikamuuliza kama naye kampa Mcheshi kura. Akasema kura yake ni yake, haulizwi.

Kisha akaelekeza fimbo kwenye lile lundo kubwa lenye vichaka. "Hili unajua kwa nini lina jina langu?"

Nikamwambia nilivyodhani. Akatikisa kichwa.

Akanisimulia kwamba zamani serikali iliwaambia watu wake, mkitaka kura acheni kwanza kuwa watu wa mkataba wenu, yaani mkataba wa ardhi ambao wazee wao waliwekeana na serikali. Kaka yake aliitaka kura. Akapewa, na kwa kupewa akapoteza haki ya kuishi kijijini alipozaliwa. Baadaye sheria ikabadilika, wakapewa kura bila sharti hilo, lakini nani angeiamini? Watu walikataa kwenda. Ndipo yule mnunuzi wa ngozi akaja kwa Marta, wakati huo mama wa makamo anayesikilizwa na wote. Akanywa chai, akasifu mkate wake, akamwambia, "Wewe ukiwaambia, watakuja." Akammwagia lundo la kokoto nyuma ya nyumba kama ushahidi.

"Nikaenda nyumba kwa nyumba," akasema Bibi Marta. "Hawakumpa yeye kura. Walinipa mimi. Akashinda, barabara haikuja. Mwaka uliofuata barafu ikiyeyuka dada yangu akaugua, na ukungu ukakaa. Msibani hakuna aliyemtaja mbunge. Walinitazama mimi. Watoto wao wakaanza kuliita lundo hili jina langu, na mpaka leo wanaliita, ingawa wengi hawajui tena kwa nini. Tangu hapo nakwenda napiga kura yangu. Mtu wa kumpeleka, simpeleki."

Nilitoka kule miaka mingi baadaye, na barabara ilikuwa bado ni barafu.

Sasa, Salim, leo asubuhi kabla hujaamka nimekwenda mpaka kwenye robot na mkongojo wangu. Nimelizunguka lile lundo. Hakuna pipa la lami. Hakuna mtambo, hakuna hata koleo. Nikamuuliza yule kijana wa spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, akasema lori lilimwaga likaondoka, na aliyekuwa nalo alipiga picha. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, na mimi mawingu hayo nimeyaona kwenye nchi ya theluji.

Sikukatazi kupiga kura. Babu yako alikufa akitamani kuipata hapa, na wewe umezaliwa nayo. Nenda kapige, kwa kalamu au penseli, umpe unayemtaka, hata huyo anayecheka kwenye fulana. Sikwambii pia uache kushuku, maana mtaa huu asiyeshuku hadumu. Nakwambia ushuku mahali panapostahili. Usimalize macho yako kwenye sanduku. Uliza kokoto zimekuja, je, mtambo uko wapi? Uliza anayetuahidi sisi huku kwamba maduka hayataguswa, anawaambia nini wale wa upande wa pili wa reli, wanaotaka tuondoke? Mwite aje hapa dukani, asimame mbele ya Mama Furaha wa saluni na mafundi cherehani wa Lubumbashi, aseme kwa kinywa chake. Akikataa kuja, umeshajua. Akija akasema, wenyewe watampima, na miguu ya kwenda kituoni ni yao.

Ila usiwabebe. Mgombea akishinda anahamia ofisini, akishindwa anarudi kwao Midrand na gari lake. Wewe unabaki hapa. Siku wakija watu na mawe kuvunja vioo vya maduka, Mama Furaha hatamtafuta yule wa kwenye fulana, hajui hata kwake ni wapi. Atabisha mlango huu, na nitakayemwona akitazamwa ni wewe. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ndio sisi.

Haya, maliza chai. Mungu akupe macho ya kuona mbali na ulimi usioahidi cha mwenzio, akuzidishie heshima kwa watu wako, akukinge na sifa za mwenye haja. Na lile lundo pale kwenye robot, likibaki mpaka likaota majani, nakuombea watu wapite waliite jina lolote la duniani, lisiitwe la Salim.