Biskuti Zisizopikwa

Mtindi wa dukani hauna harufu ya moshi. Nimeunusa mara mbili kabla ya kuumimina juu ya biskuti.

Kule kijijini Itiryo, nesi aliyepanga kwetu alinifundisha chakula kitamu kisichopikwa: biskuti, krimu, ndizi, biskuti tena, kisha ufunike mpaka jioni. Krimu hatukuwa nayo, nikamimina maziwa mgando ya bibi kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi.

"Bila moto kitaivaje?" bibi aliuliza.

"Kitaiva chenyewe, bibi."

Akacheka. Lakini kila nilipotoka na kurudi, nilimkuta amefunua bakuli, anachungulia.

Jioni nilikuja na kijiko changu. Bibi tayari alikuwa na chake. Alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Bado hakijaiva," alisema, akalivuta bakuli karibu.

Aliendelea kusema hivyo mpaka kijiko kikakwangua chini.