Mkono Ulioshika Kamba

Siku ile ya picha tulikuwepo sisi watoto watatu: mimi wa kwanza, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na binti wa mwisho, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Alikuwepo baba mdogo, ndugu wa baba yetu. Matanga ya wazazi wetu yalikuwa yamekwisha na asubuhi hiyo ukoo ulikuwa umetukabidhi kwake. Alikuwepo mpiga picha aliyekuja kijijini kwetu Susuni kwa baiskeli. Alikuwepo rafiki wa mama yetu, mama mmoja wa Nyansurura, ambaye alikataa kusimama nasi. "Mimi si wa ukoo huu," alisema. "Pigeni tu." Na ng'ombe alikuwepo, aliyefika na mama huyo, akaingiza kichwa chake kwenye picha bila kualikwa na mtu.

Nawataja wote kwa sababu mwaka huu picha hiyo ililetwa nyumbani kwangu kama shahidi, na shahidi alikuwa amekatwa.

Binti wa mwisho sasa ni muuguzi. Alipata mchumba, upande wa mchumba ukatuma mshenga, na siku ya kikao cha mahari ikapangwa. Baba hayupo, mama hayupo, na siku kama hiyo lazima mtu akae kwenye kiti cha mzazi, aulizwe kama ameridhika, na ng'ombe wafike mikononi mwake. Mimi niliacha shule darasa la sita ili wale wawili wasiache. Nilisema mapema kwamba kiti hicho ni changu. Ndugu wakaanza kucheka pembeni. Mwanamke akae na wazee kupokea ng'ombe? Nikawaambia wacheke taratibu, chakula cha siku hiyo napika mimi.

Siku moja kabla ya kikao mdogo wangu wa kiume alifika kutoka Sirari, anakofanya kazi ya kutoa mizigo ya watu mpakani. Mchana tukakaa kivulini nyuma ya jiko, sisi watatu, nikatoa bahasha ya picha ili wapige kwa simu zao. Sikuwa nimezitazama kwa muda mrefu. Picha ile ya kwanza nilikuwa naiweka chini kabisa, kwa sababu sikumpenda yule msichana niliyekuwa. Kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Sketi ni ya shule ambayo alikuwa haendi tena. Mabega yameingia ndani, macho yako chini.

"Dada, hapa ulikuwa unalia?" akauliza binti wa mwisho.

"Nilikuwa naangalia kwato la ng'ombe lisinikanyage."

"Na hapa je?" Alishika picha ya siku kaka yake alipomaliza darasa la saba. "Mbona umemtazama kaka kama polisi?"

"Alikuwa ameazima viatu," nikasema. "Nilikuwa navilinda."

"Vilinibana mpaka jioni," akasema kaka yake. "Halafu akanizuia kuvivua. Eti mwenye viatu anatuona."

Picha ya tatu ni ya siku binti alipomaliza chuo cha uuguzi. Pale nimesimama katikati, nimevaa kitenge kipya, na nimemtazama mpiga picha usoni kama mtu anayesubiri chenji yake. Nilikuwa sijawahi kuziweka hizo picha pamoja, moja kando ya nyingine. Watu wa Susuni husema nilikuwa msichana mpole, nikaharibiwa na maisha, nikawa mkali. Nilitazama tena ile ya kwanza, safari hii chini ya mabega. Mkono wangu wa kulia umeshika kamba ya ng'ombe, na kamba imezungushwa kwenye ngumi hadi vidole vimekakamaa. Msichana mpole hashiki kamba hivyo. Sikuharibiwa na mtu. Nilikuwa hivi tangu zamani, ila uso ulichelewa kuufuata mkono.

Kesho yake wazee walifika, wetu na wa upande wa mchumba, wakapewa viti na uji wa ulezi. Tukasalimiana. Baba mdogo alikuja mwisho, amevaa koti, amebeba kitu kipana ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa amekanyaga nyumba hiyo tangu binti akiwa shule ya msingi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kiti changu kiko wapi?"

"Pale, karibu na mlango."

"Kile cha mbele ni cha nani?"

"Changu."

Akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Wakwe zangu mtusamehe. Huyu binti amelelewa bila mama." Kisha akatoa kwenye mfuko picha iliyokuzwa, imetiwa fremu na kioo. Aliitengeneza Sirari. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Hawa watoto niliachiwa na marehemu kaka yangu. Tazameni. Huyu ni mimi. Huyu mdogo niliyemshika bega ndiye bibi harusi wenu. Na huyo ni ng'ombe aliyewanywesha maziwa. Kama sikuwalea mimi, aliwalea nani?"

Fremu ikazunguka mkono kwa mkono. Nilipoitazama nilijiona sipo. Yeye yuko katikati, mdogo wangu wa kiume upande mmoja, binti upande mwingine, kichwa cha ng'ombe kinachungulia juu ya mabega yao. Pale nilipokuwa nimesimama, fremu imekwisha.

Miguu ilitaka kunyanyuka. Nikaiambia ikae. Siku ile ile ya picha baba mdogo alikula, akalala, na asubuhi akaondoka na magunia mawili ya mahindi ya baba, akisema anakwenda kututafutia shule nzuri. Aliporudi ilikuwa ni kuniletea mwanaume mwenye ng'ombe wengi na meno machache, niolewe. Nilimwambia mbele ya mwanaume huyo kwamba nitaolewa wadogo zangu wakishamaliza shule, na kama ana haraka aolewe yeye. Hayo yote yalinijia mdomoni, lakini kumtukana ndugu wa baba mbele ya wakwe ni kumpa kile kiti. Nikaipitisha fremu kwa aliyefuata.

Aliyesema alikuwa mzee mmoja wa upande wa mchumba, mtu wa Serengeti, mfugaji tangu utoto. Aliishika fremu mbali na macho, akaisogeza, akaishika mbali tena. Hakuwa anatazama watu.

"Huu mkono ni wa nani?" akauliza.

Pembeni kabisa, karibu na ubao wa fremu, ngumi ilikuwa imebaki, na kamba.

"Ah," akasema baba mdogo, "picha ilikuwa pana. Fundi aliipunguza iingie."

"Akapunguza mtu akaacha ng'ombe." Mzee hakucheka. "Na ng'ombe huyu namjua. Pembe ya kushoto imeinamia jicho, sikio limechanika hapa. Huyu alikuwa wa yule mama wa Nyansurura. Mume wake alipokuwa hai nilimfuata mnada mzima aniuzie huyu ng'ombe. Nikambembeleza, nikamnunulia na nyama. Nyama akala, ng'ombe akaninyima." Akamgeukia baba mdogo. "Wewe ulimpataje? Ulimbembelezaje?"

Baba mdogo akasema mambo ya zamani ni mengi. Akasema ng'ombe hufanana.

"Watu ndio hufanana," akasema mzee.

Hapo mdogo wangu wa kiume aliingia ndani, akatoka na bahasha, akampa mzee picha nzima. Mzee akaziweka mbili pamoja, akaufuata ule mkono kwa kidole, kutoka kwenye kamba, kwenye kiwiko, begani, hadi kwenye kichwa kilichonyolewa. Kisha akanitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Aliyekupa kamba ni nani?"

"Mama wa Nyansurura mwenyewe. Alikuja naye kwa miguu. Alisema tumtunze, tunywe maziwa. Madume yatakuwa yetu, mtamba wa kwanza, jike la kwanza kuzaliwa, atarudi kwake."

"Basi kaa kwenye kiti chako, mama, tuanze. Jua linapanda."

Nilikaa. Mzee mmoja wa ukoo wetu akaguna, akaangalia kikombe chake. Baba mdogo akaanza kukunja mfuko wa plastiki. "Baba mdogo usiondoke," nikamwambia. "Wewe ni ndugu yetu, nyama ipo." Alibaki, akala, na alikula vizuri. Niliulizwa kama nimeridhika. Nikasema bado, wakaongeza, nikasema nimeridhika.

Wakati wa kuaga mzee yule alinivuta kando. Ng'ombe bado alikuwa kichwani mwake. "Mtamba alirudi Nyansurura?"

Nikamweleza. Ng'ombe alizaa madume matupu, moja baada ya jingine, na madume hayo ndiyo yaliyokuwa ada na sare za wale wawili. Jike halikuja. Alipokufa kwa uzee mimi na mdogo wangu tulibeba ngozi hadi Nyansurura, ili mwenyewe aone kwamba hatukumuuza.

"Mlipeleka ngozi? Basi yamekwisha. Hakuna anayekudai."

Ndivyo anavyosema pia mama mwenyewe, nikimpigia simu. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini ulimi uko vilevile. "Wewe binti, ile ngozi ilishachakaa kwa kulaliwa. Unatafuta nini kwangu?"

"Ngozi ilikuwa ya ng'ombe, mama. Maziwa bado."

"Maziwa mlishakunywa."

"Ndiyo maana."

Ndugu wananiambia nitoe mtamba mmoja katika mahari, yaishe. Sitoi. Wale ni ng'ombe wa mdogo wangu wa kike, na ndio kaka yake atakaooa nao. Aliyepewa kamba ni mimi. Uani kwangu kuna ndama jike, mwekundu, mkorofi, bado ananyonya. Siku atakapofaa kupandwa nitamwongoza mwenyewe hadi Nyansurura, na mpiga picha nitamchukua, na safari hii yule mama atasimama katikati atake asitake. Mpaka hapo, mtamba wa watu bado niko naye mimi.