Foleni ya Malori Getini

Wenzake kazini walimwita Mama Sauti. Enzi zile ghala halikuwa na kipaza sauti, na yeye ndiye aliyesimama kwenye dirisha la ofisi ya mizigo akiita malori yaingie kupakia. Kampuni ilisambaza sabuni, unga na mafuta ya kupikia kwa maduka ya mji mzima. Asubuhi malori yalijipanga kutoka getini hadi kona ya barabara, injini zikiunguruma, madereva wakitaniana kwa kelele.

Dereva mmoja mpole, si mtu wa maneno mengi, kila siku alikuwa wa mwisho. Wakubwa wakamwona mvivu. Mama Sauti peke yake ndiye aliyeona jinsi alivyowapungia wenzake mkono wapite, ili yeye abaki karibu na dirisha.

"Leo tena umechelewa?" alimuuliza siku moja.

"Sijachelewa, dada. Nasubiri."

"Unasubiri nini, na zamu yako imeshapita?"

Akacheka, akatazama chini. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Miaka ikaenda, watoto wakakua, dizeli ikapanda bei. Meneja mpya akawaita wote, akasema bila kuficha: gharama zisiposhuka, kuna watu watakosa kazi. Mama Sauti akamfuata ofisini. Wakakaa pamoja, meneja akichora njia za mitaa, Mama Sauti akieleza mzigo unavyopangwa. Malori yalikuwa yakichoma dizeli bure kwenye foleni. Mawili matatu yalikwenda mtaa mmoja siku hiyohiyo. Na mzigo wa duka la kwanza ulifukiwa chini ya mzigo wa duka la mwisho, wapakuaji wakashusha na kupandisha mpaka migongo ikawauma. Wakakubaliana: kila lori na mtaa wake, mzigo wa duka la mwisho uingie kwanza, na kupakia kufanyike jioni. Asubuhi iwe ni kuwasha na kuondoka.

Nyumbani alimweleza mumewe mpango huo.

"Kwa hiyo foleni ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, baba watoto."

"Yaani mke wangu mwenyewe unanifukuza getini!"

"Bora nikufukuze getini kuliko wenzako wafukuzwe kazini."

Hakuna aliyepunguzwa. Lakini siku ya kwanza ya mpango ule, Mama Sauti alipofungua dirisha, uwanja ulikuwa mtupu, umefagiwa, kimya. Meneja akaja mbio kumpongeza. Mama Sauti akashukuru, akageukia kabati kana kwamba anatafuta kitu.

Siku hizi mumewe humtangulia kufika nyumbani, naye Mama Sauti humkuta ameshaoga, amekaa barazani na wajukuu. Kazi imekuwa nyepesi, mwenyewe anakiri, na hawezi kusema alikosea. Ila kuna asubuhi haketi kwanza, husimama pale ofisini, mkoba ungali begani, akiwakumbuka wale madereva mmoja mmoja: nani alikuwa mchekeshaji, nani alipenda ugomvi, nani hakuwa na haraka.